Safari ya Chupa Ndogo Itokayo Soni

Asimamaye Soni asubuhi, mahali njia itokayo Mombo igawanyikapo, mkono mmoja ukienda Lushoto na mwingine ukielekea Bumbuli, huiona mali ya mlima ikisafiri. Zapita kabichi, karoti, nyanya, mapeasi na plamu, zikienda katika masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Mkulima aliyezipanga katika matenga hakuzitupa ovyo. Ameweka majani chini, ameweka majani juu, amekaza kamba, tena amemwusia dereva asiyalundike matenga yake chini ya mizigo mizito. Ajua kwamba tunda lililopondeka njiani halina bei sokoni, hata kama shambani lilikuwa zuri namna gani.

Katika njia hiyo hiyo husafiri mzigo mwingine ambao wapita njia hawauoni. Ni chupa ndogo isiyozidi urefu wa kidole. Ndani yake mna makohozi ya baba aliyekohoa miezi miwili, au damu ya mama mjamzito, au maji yaliyovutwa katika mtoki wa mtoto. Chupa hiyo ina thamani kupita lori zima la kabichi, maana ndani yake limefungwa swali: mtu huyu anaumwa nini? Maabara ndiyo itakayojibu. Lakini maabara, pamoja na mashine zake zote na wataalamu wake wote, haina uwezo wa kujibu ila juu ya kile kilichoifikia. Kikifika kimeoza, kimemwagika, au kimebadilishana jina na cha mtu mwingine, jibu nalo litakuwa bovu. Na atakayelipa gharama ya ubovu huo si maabara wala si dereva, bali ni mgonjwa aliyelala kitandani akingoja.

Hilo ndilo neno letu la leo. Twazoea kuuliza kama hospitali fulani ina mashine, nasi twafanya vyema kuuliza. Bali ni wachache waulizao sampuli ilisafiri vipi kuifikia mashine hiyo.

Ushahidi wa zamani

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1897 daktari Mjerumani Robert Koch, yule aliyekivumbua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alifika Dar es Salaam akiwa na hadubini yake. Wakati huo huko Kiziba, magharibi ya Ziwa Victoria, watu walikuwa wakifa kwa maradhi ya mitoki. Daktari mmoja wa Kijerumani, Zupitza, alichukua sampuli kwa wagonjwa wa huko. Sampuli hizo zikamfikia Koch pwani, naye mwaka 1898 akatangaza kwamba maradhi yale ni tauni. Tukumbuke kwamba siku zile hapakuwa na reli ya kwenda ziwani wala magari. Hata reli ya Tanga ilikuwa haijafika Mombo, kwani ilifika hapo mwaka 1905. Mzigo kama ule ulikwenda kwa miguu ya watu, majuma kwa majuma. Laiti mikono iliyoufunga ingalikuwa ya kizembe, hadubini ya Koch isingaliona kitu, na ukweli wa Kiziba ungalipotea njiani.

Koch huyo huyo alipofika milima ya Usambara alisikia jambo lililomshangaza. Wenyeji walimweleza kwamba wakishuka tambarare hurudi na homa, na homa hiyo waliiita mbu, kwa kuwa waliamini kwamba mbu wa huko chini ndio wailetao. Mwaka ule wa 1897 Ronald Ross ndiyo kwanza alikuwa amevikuta vimelea vya malaria katika tumbo la mbu huko India. Basi wazee wetu walikuwa na maarifa ya kweli kwa kuangalia na kukumbuka. Lakini ili maarifa hayo yakubaliwe na kila mtu, na ili mgonjwa mmoja ajulikane kwa hakika kuwa ana malaria wala si homa nyingine, ilihitajiwa tone la damu juu ya kioo. Tangu hapo tone hilo ndilo shahidi wetu.

Kwa nini Lushoto isisahau

Wazee wa wilaya ya Lushoto hawahitaji kuhubiriwa habari hii. Mwaka 1980 tauni ilizuka katika vijiji vya milima hii, ikawa inarudi tena na tena kwa muda wa miaka zaidi ya 20. Iliwashika maelfu na kuwaua mamia. Tauni ya mitoki isipotibiwa huua karibu nusu ya inaowashika. Ikiingia mapafuni huambukiza kwa kikohozi, na asiyetibiwa mapema haponi. Nayo dawa yake ipo, tena si ya gharama kubwa.

Lakini si kila mtoki ni tauni. Kidonda cha mguuni chaweza kuvimbisha tezi za kinena, na kifua kikuu nacho huingia katika tezi za shingo. Jicho la mganga, hata akiwa hodari, halitoshi. Ndiyo maana maji ya mtoki na damu huchukuliwa kwanza, kabla ya dawa, kwa kuwa dawa ikitangulia huua vijidudu na kuuficha ushahidi. Kisha mgonjwa hupewa dawa saa ile ile, bila kungojea jibu. Jibu likija ndilo litakaloiambia wilaya kama yapasa kupuliza dawa ya viroboto majumbani na kuwazuia watu wasigusane na mgonjwa. Chupa moja iliyofika salama yaweza kukiokoa kijiji kizima. Na chupa moja iliyooza yaweza kuwaacha viongozi gizani mpaka mtu wa kumi azikwe.

Mfano wa karibu zaidi ni ule wa Ruangwa, mkoani Lindi. Mwezi wa Julai mwaka 2022 watu wa huko walipatwa na homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa na damu puani, na baadhi yao wakafa. Hofu ikatanda nchini. Sampuli zikapimwa, zikaonekana hazina Ebola, wala Marburg, wala UVIKO-19. Mwishowe ikajulikana kuwa ni homa ya Mgunda, iletwayo na mkojo wa wanyama katika maji na udongo, nayo hutibika kwa dawa za kuua bakteria. Tazama, ndugu msomaji: jina la ugonjwa lilipopatikana, hofu ilipungua na matibabu yakapata njia. Jina hilo halikutoka katika minong'ono ya sokoni. Lilitoka katika chupa.

Jina kwanza

Basi kazi huanzia wapi? Huanzia katika kalamu. Sampuli isiyo na jina ni mtoto aliyepotea: haijulikani arudishwe kwa nani. Milimani humu majina hufanana, na katika foleni moja waweza kuwakuta akina Rajabu watatu na akina Mwanaidi wanne. Kwa hiyo jina moja halitoshi. Huandikwa majina kamili, umri, jinsia, namba ya mgonjwa, aina ya sampuli, tarehe na saa iliyochukuliwa. Nayo huandikwa ubavuni mwa chupa, kamwe si juu ya kifuniko, kwa sababu vifuniko hufunguliwa vyote na kurudishwa, na kifuniko cha huyu chaweza kukaa juu ya chupa ya yule.

Huandikwa mbele ya mgonjwa mwenyewe, kabla hajainuka kitini. Mhudumu anayesema, "Nitaziandika zote jioni," ameshaanza kukosea. Kioo cha hadubini huandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka katika dawa za maabara. Na ile fomu ya maombi isizungushwe juu ya chupa kama karanga katika gazeti. Iwekwe katika mfuko wake peke yake, ili chupa ikivuja karatasi isilowe, na karani aipokeaye asiguse maradhi kwa vidole vyake.

Kila sampuli na tabia yake

Wengi hudhani kwamba kila kitu kikiwekwa kwenye barafu kimehifadhika. Hasha. Sampuli zina tabia mbalimbali kama watu, na lililo dawa kwa hii ni sumu kwa ile.

Makohozi ya kupimia kifua kikuu si mate. Mgonjwa hueleweshwa avute pumzi kwa nguvu, akohoe kutoka kifuani, tena akohoe nje penye hewa, si ndani ya chumba cha watu. Kopo hufungwa barabara na kuwekwa penye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikiwa hakuna jokofu, kwa kipimo cha mashine ya vinasaba makohozi yaweza kustahimili siku 3 mahali pasipozidi nyuzi 35. Baada ya hapo tusijidanganye.

Damu iliyo katika chupa yenye dawa ya kuizuia isigande hupinduliwa polepole mara 8 hadi 10. Haitikiswi kama chupa ya dawa ya kikohozi, wala haigandishwi, wala haiwekwi ikagusana na barafu, kwa kuwa chembe zake hupasuka, na yaliyomo ndani yake yakimwagika huharibu vipimo vingi. Tena damu ni kitu hai. Ikikaa katika chupa ya kawaida chembe zake huendelea kula sukari, nayo hupungua kadiri ya sehemu 5 hadi 7 katika mia kila saa. Damu ya mgonjwa wa kisukari iliyocheleweshwa tangu asubuhi hata alasiri yaweza kusema kwamba mwenyewe ni mzima. Huo ni uongo, lakini hakuusema mtu. Umesemwa na uzembe.

Mkojo nao hutaka haraka. Katika joto, kijidudu kimoja chaweza kugawanyika karibu kila dakika 20, na kwa muda wa saa 3 kikawa zaidi ya 500. Mkojo usiopimwa ndani ya saa 2 hutiwa katika jokofu, la sivyo mtu asiye na ugonjwa atapewa dawa za ugonjwa alioupata akiwa ndani ya chupa.

Lakini maji ya uti wa mgongo yatakayooteshwa maabara kutafuta vijidudu hayatiwi katika jokofu, kwani kijidudu kimojawapo cha homa ya uti wa mgongo hufa kwa baridi. Choo cha mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kipindupindu huchukuliwa kwa kijiti cha pamba na kutumbukizwa katika kitunzio maalumu kiitwacho Cary-Blair, nacho husafiri bila barafu. Adui yake mkubwa ni kukauka. Choo cha mtoto aliyepooza ghafla, anayeshukiwa kuwa na polio, kwa upande wake, chahitaji baridi njia nzima, na huchukuliwa mara 2, kwa kupishana saa 24 hadi 48. Hapo twaonya: kasha la kubebea chanjo lisibebeshwe choo, na lililobeba choo lisirudishiwe chanjo.

Kinyama kilichokatwa ili kipimwe saratani hutiwa katika formalini, iliyo nyingi mara 10 kuliko kinyama chenyewe, katika chupa ya mdomo mpana. Kikitiwa katika chupa ya shingo nyembamba kitaingia laini, kisha kitakuwa kigumu, na hakitatoka ila kwa kuvunja chupa. Vioo vya damu ya malaria hukaushwa kwa hewa, si kwa moto, na hufunikwa, kwa sababu nzi na mende huila damu ile usiku, na asubuhi hupatikana kioo kitupu.

Na iko sampuli moja ambayo kana kwamba imeumbwa kwa ajili ya milima yetu: matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi maalumu. Kitoto kichanga cha mama mwenye virusi vya UKIMWI hutobolewa kisiginoni, matone hukaushwa kwa saa kadhaa kivulini bila kugusana, kisha karatasi hutiwa katika kifuko kilichofungwa pamoja na kidonge cha kunyonya unyevu. Karatasi hiyo haidai barafu. Lakini ikifungwa mbichi katika ukungu wa Usambara, itaota kuvu, na mtoto yule atapoteza majuma yaliyo ya thamani kwa uhai wake.

Mavazi matatu

Sampuli ikiisha kuwa tayari huvikwa mavazi matatu. La kwanza ni chupa yenyewe, isiyovuja, kifuniko kimekazwa. Hiyo huzungushiwa pamba ya kutosha kuyanywa maji yote yaliyomo iwapo chupa itavunjika. La pili ni chombo kingine kisichovuja, ambamo chupa na pamba yake huingia. La tatu ni kasha gumu la nje, lenye kustahimili kuanguka na kubanwa. Barafu, ikihitajiwa, hukaa kati ya la pili na la tatu, na fomu nazo vivyo hivyo. Nje huandikwa jina la mpelekaji na mpokeaji pamoja na simu zao, mshale wa kuonyesha upande wa juu, na kwa sampuli za kawaida za wagonjwa ile alama ya mataifa, UN 3373. Zile zinazoshukiwa kuwa na maradhi ya kutisha, kama Ebola na Marburg, zina sheria kali zaidi. Hazipelekwi na mtu yeyote bila amri na msaada wa wakubwa wa afya.

Mtu atauliza: mavazi matatu ya nini kwa chupa ndogo kama kidole? Jibu ni kwamba chupa hiyo haisafiri peke yake. Iko katika gari pamoja na mama aliyempakata mtoto, mwanafunzi aendaye shule, na utingo anayepanga mizigo kwa mikono mitupu. Hao hawakuombwa idhini ya kukaa karibu na maradhi. Yatupasa tuwalinde.

Njiani

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za kona juu ya kona, na Soni iko karibu katikati. Baridi ya Soni isimdanganye mtu. Chupa iliyoshikwa asubuhi ikiwa baridi kama jiwe la mtoni, ikielekezwa Korogwe au Tanga, baada ya muda mfupi huwa imeteremka katika joto la tambarare. Na ikiwekwa mbele ya dereva nyuma ya kioo, penye jua, huiva. Kasha liwekwe kivulini, lisimame, lifungwe lisiteleze katika kona, lisikae pamoja na chakula, wala asikabidhiwe abiria kwa maneno ya "nishikie hii".

Dereva na mwendesha pikipiki waambiwe wazi wanachobeba. Si kuwatisha, bali kuwaheshimu. Wakipewa karatasi yenye maelezo machache na namba za simu, watajua la kufanya. Kasha likianguka na kuvuja, asilifungue mtu, asifute kwa kitambaa chake, wala asisombe vigae kwa mikono. Watu wasogezwe, simu ipigwe. Mhudumu mwenye glovu atapafunika mahali pale kwa kitambaa au karatasi, atamimina maji ya klorini ya nguvu ya 0.5 katika mia kuanzia kingoni kuelekea katikati, atangoja dakika 30, ndipo aokote kwa koleo na kuosha.

Nani alaumiwe?

Hapa yafaa tuseme kweli bila kumpendelea mtu. Ni rahisi kumlaumu mhudumu wa zahanati iliyo juu mlimani kwamba ameifunga chupa katika mfuko wa plastiki. Lakini kama hakupewa kasha, wala pamba, wala kipimajoto, wala nauli ya mpelekaji, afunge kwa nini? Wakubwa wanaopanga fedha za afya wakumbuke kwamba mashine bila njia ya kuifikia ni pambo. Kasha na barafu ni vitu vya bei ndogo vikilinganishwa na mashine, lakini vikikosekana mashine hupima uozo.

Mhudumu naye asijifiche nyuma ya uhaba. Kalamu anayo, jina aandike. Saa anayo, wakati auandike katika daftari: saa sampuli ilipochukuliwa, ilipoondoka na ilipopokewa. Na maabara ikiikataa sampuli kwa sababu imeharibika, isiitupe kimya kimya. Impe habari aliyeipeleka, siku hiyo hiyo, ili mgonjwa aitwe tena. Mgonjwa aliyerudi kwao Mlalo au Bumbuli akingoja jibu ambalo halitakuja kamwe amedhulumiwa mara mbili.

Ama wewe mgonjwa, nawe una sehemu yako. Sema jina lako kamili, angalia linavyoandikwa, uliza jibu litarudi lini. Kuuliza si utovu wa adabu.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tuliambiwa kwamba maadui zetu ni watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Katika safari ya chupa hii wote watatu hukutana njiani. Umaskini huikosesha kasha, ujinga huikosesha jina, na maradhi hungojea chini ya mlima yashangilie. Mtu alalaye karibu na Muhimbili na mtu alalaye juu ya Soni wana haki moja ya kuambiwa kweli juu ya miili yao. Barabara ni ndefu kwa mmoja na fupi kwa mwingine; lakini urefu wa barabara usiwe sababu ya kupewa jibu la uongo.

Mkulima wetu wa Soni hupanga tenga la plamu kwa uangalifu, kwa kuwa ajua linakokwenda na ajua atakachokosa likiharibika. Chupa ile ndogo yataka angalau uangalifu huo huo. Ndani yake yumo jirani yake.